Taa ya Kisumu na jua la Maseno

Ukitoka Luanda, mji wetu mdogo wa magharibi mwa Kenya, kwenda Kisumu, dakika chache tu matatu inafika Maseno, na hapo kando ya barabara pana alama ya ikweta. Wageni husimamisha magari wakapiga picha, mguu mmoja huku, mwingine kule. Mimi mstari huo niliuvuka zaidi ya mara 50 ndani ya miezi 3, kwenda na kurudi, na safari zote hizo nilikuwa nikienda kununua mwanga. Watu wa nyumbani waliposikia walishangaa, na siwalaumu. Jua linatupiga utosini mwaka mzima, halafu mtu apande gari akasimamishwe mbele ya taa? Swali hilo nami nilijiuliza, nikajipa jibu langu mwenyewe, na jibu hilo likaniunguza mgongo. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyeandikiwa tiba ya mwanga, anayelala macho usiku akipiga hesabu ya nauli.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda karibu na soko na cherehani 2. Ugonjwa wangu unaitwa soriasisi. Ulinianza kwenye viwiko mwaka 2016, ukashuka magotini, ukapanda kichwani chini ya kilemba, mwishowe ukatanda mgongoni na kiunoni. Wanaoueleza husema ni mabaka mekundu yenye magamba ya fedha. Kwangu mimi wekundu sikuuona hata siku moja. Mabaka yangu yalikuwa ya zambarau iliyofifia, mengine karibu na rangi ya majivu, na juu yake ngozi nyeupe inayobanduka. Nadhani ndiyo sababu kwa miaka 3 nilitibiwa mashilingi, yaani choa. Nilipaka dawa za fangasi, nikameza za fangasi, nikanyoa nywele. Kisha kwenye duka moja la dawa nikauziwa krimu ya mchanganyiko ambayo baadaye nilikuja kujua ina steroidi kali. Wiki ya kwanza nilidhani nimepona. Nikiacha, mabaka yanarudi kwa hasira zaidi. Nikipaka tena, yanatulia kidogo. Nilikwenda hivyo hadi ngozi ya ndani ya kiwiko ikawa nyembamba kama karatasi ya kukatia ruwaza, na michirizi ambayo ipo mpaka leo.

Kuna siku moja siwezi kuisahau. Nilikuwa nimetandaza mezani kitambaa cheusi cha sare za kwaya, mita 12, mwenye kazi ameketi pembeni akisubiri nimwonyeshe mshono wa shingo. Nikainama kuchora kwa chaki. Nilipoinuka, tukaona wote wawili: pale mkono wangu ulipopita, juu ya ule weusi, pamenyunyizika vipande vyeupe kama pumba za mahindi. Hakusema neno baya. Alikunja kitambaa polepole, akasema, “Mama, wacha kwanza nizungumze na wenzangu.” Nilijua harudi, na hakurudi. Nilifunga kibanda saa 8 mchana nikaenda nyumbani kwa miguu, maana kwenye boda ningekaa karibu mno na mtu.

Mama mkwe wangu, anayenipenda kama binti yake wa kumzaa, aliuliza kwa sauti ya chini iwapo kuna mwiko tuliouvunja tulipojenga nyumba. Huku kwetu, mpakani mwa Waluhya na Waluo, neno chira, ugonjwa unaosemwa humfika aliyevunja mwiko, hakuna asiyelijua. Hakunilaumu, alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia kunisaidia. Lakini nilikaa na neno lile moyoni muda mrefu kuliko nilivyokaa na krimu.

Februari 2024 nilimwona daktari wa ngozi Kisumu. Alinitazama kucha kwanza, kabla ya ngozi. Kucha zangu zilikuwa na vishimo vidogo kama vilivyodungwa kwa pini, na mimi nilidhani ni sindano za cherehani. Akauliza viungo vinauma asubuhi? Akakwangua gamba moja. Nilipomwambia kazi yangu, alinieleza kwa namna ambayo mpaka leo huwaelezea wengine. Ngozi ya mtu hujishona upya kwa takriban mwezi mmoja, taratibu, safu kwa safu. Kwenye baka la soriasisi, askari wa mwili wameingia karakana bila kuitwa na wanamhimiza fundi amalize kazi ya mwezi kwa siku 4 au 5. Nguo inatoka haijapigwa pasi, nyuzi zinaning’inia, na vipande vinarundikana. Huo mrundikano ndio magamba. Hakuna mdudu, kwa hiyo hauambukizi. Alilorudia mara 2, akinitazama machoni, ni hilo la kutoambukiza, na ndilo nililotoka nalo mlangoni.

Alinipa njia mbili. Kwanza vidonge vya methotreksati, ambavyo humezwa mara moja kwa wiki na huhitaji kupima damu na ini mara kwa mara, na mwanamke anayetaka kupata mimba haruhusiwi kabisa kuvitumia. Mimi na baba watoto tulikuwa bado tunamngoja mtoto wa tatu. Njia ya pili ilikuwa mwanga: miale ya urujuanimno aina B ya ukanda mwembamba, yenye urefu wa mawimbi wa nanometa 311 hivi, mara 3 kwa wiki. Hiyo haina shida na ujauzito. Nikachagua mwanga.

Jina lilileta taabu kabla ya tiba kuanza. Nilipoomba mkopo kwenye chama nikasema naenda “kupigwa mionzi”, wenzangu walielewa ni saratani. Jioni ile jirani aliniletea kuku na akina mama wawili wakaja kuomba nami. Nililia nao, kisha nikawaeleza. Tangu siku hiyo nasema tu “naenda kwenye taa”, na ndivyo wanavyosema hata wauguzi.

Kliniki ina chumba kidogo, na ndani yake kabati la kusimama mtu mzima, kuta zake zimepangwa mirija mirefu kunizidi kimo. Unavua nguo. Unavaa miwani myeusi inayobana jicho pande zote, kwa sababu miale hiyo huumiza macho. Wanaume hufunikwa sehemu za siri. Uso wangu haukuwa na baka, kwa hiyo ulifunikwa. Sista alifungua daftari langu, akaandika tarehe, akaandika “50”, akafunga mlango. Mirija ikawaka rangi ya samawati, feni ikavuma, joto kidogo mabegani. Kabla sijamaliza Baba Yetu ya pili, taa ikazima.

Sekunde 50. Nimetoka Luanda alfajiri, nimefunga kibanda, nimelipa shilingi 1,500 na nauli ya 300 kwenda na kurudi, kwa sekunde 50. Nilidhani mashine imeharibika. Sista alicheka kwa upole: “Mama, tunaanza chini. Kila ukija bila kuungua tunaongeza kidogo, kama asilimia 10 au 20. Ngozi inazoeshwa.”

Zikapita safari 4. Hakuna kilichobadilika, na mkopo wa chama ulikuwa unapungua. Basi Jumamosi moja, siku moja tu baada ya taa, nikawaza kama watu wengine wote: mwanga ni mwanga. Nikatandika mkeka nyuma ya jikoni, nikalala kifudifudi mgongo wazi, saa 6 mchana, dakika 40. Nilisikia raha. Usiku ule sikuweza kuvumilia shuka. Kuna watu wanaoamini mtu mweusi haungui. Huungua, ila wekundu hauonekani, unasikia tu moto, halafu siku ya tatu ngozi inabambuka. Jumatatu sista aligusa bega langu kwa kidole kimoja, nikaruka, naye akaifunga daftari. Ngozi ikiuma ukiigusa, taa haiwashwi. Nilikosa vipindi 4. Na ubaya zaidi ulikuja baada ya wiki 2 hivi: palepale palipobambuka, mstari kwa mstari, pakaota mabaka mapya. Soriasisi ina tabia hiyo ya kufuata jeraha. Ukijikuna, ukiungua, ukichubuka, inakwenda kukaa pale.

Ndipo nilipouliza lile swali la jua na taa kwa nia ya kusikia jibu. Daktari alisema jua si adui wa soriasisi, na wengi hupata nafuu wakilipata kiasi. Lakini jua hutupa kila aina ya mwale kwa pamoja, ikiwamo ile mifupi inayounguza ngozi na kuitibu kidogo mno. Tena kiasi chake hakijulikani: saa 3 asubuhi si saa 6, siku ya mawingu si siku ya kiangazi. Taa imeteuliwa ule ukanda mwembamba unaotuliza wale askari ndani ya ngozi, na kipimo chake ni sekunde zilizoandikwa kwenye daftari. Kwa lugha ya kwetu mafundi, jua ni kukata kitambaa kwa kukisia.

Mwanangu mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu, alilishika jambo hilo akawa ananisomea usiku kwenye simu. Akanisomea habari za Niels Finsen, daktari kutoka visiwa vya Faroe, aliyetibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga uliokusanywa kwa lenzi, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1903. Kumbe taa kwa ngozi ni jambo la zaidi ya miaka 100. Akanisomea pia kwamba wagonjwa wa soriasisi husafiri hadi Bahari ya Chumvi kuota jua kwa wiki kadhaa wakiwa chini ya madaktari. Nikasema, unaona, jua! Akaendelea kusoma: pale ni zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, na hewa ile ya ziada huchuja sehemu ya miale inayounguza. Sisi Luanda tuko mita 1,500 hivi juu, tena juu ya ikweta. Tukatazamana. Yule mtoto alinifunza zaidi ya alivyojua.

Kosa langu la pili lilikuwa dogo lakini lingeweza kunipotezea pesa zote. Kwa kuwa ngozi ilikuwa kavu, nilikuwa najipaka mafuta ya mgando mazito asubuhi kabla ya kupanda gari, na kichwani ile dawa yenye asidi ya salisiliki. Siku moja sista alinipitishia karatasi mkononi ikatoka inang’aa. Kumbe mafuta mazito huzuia miale, na asidi ya salisiliki vilevile. Nilikuwa namlipa mtu awashe taa nami nimeshusha pazia. Toka siku hiyo nikawa naoga nyumbani ili kulainisha magamba, nafika mkavu, na mafuta napaka baada ya taa. Na kila kipindi ulizwa au usiulizwe, taja dawa yoyote uliyomeza. Doksisaiklini, Septrin, baadhi ya vidonge vya presha vya kuongeza mkojo, vyote vinaweza kuifanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Huku kwetu tunameza hizi kama karanga.

Kilichobadilika kwanza hakikuonekana kwa macho. Ilikuwa kama safari ya 10, niliamka nikakuta kumepambazuka. Nilikuwa nimelala usiku kucha bila kujikuna. Mwasho uliondoka kabla ya mabaka. Kisha magamba yakapungua, shuka zikaacha kujaa vumbi jeupe, halafu mabaka yenyewe yakaanza kunywea kuanzia katikati. Sekunde 50 zilikuwa zimefika dakika 3.

Karibu na safari ya 20 nikakata tamaa upya, na hapa ndipo ningependa anisikilize mwenye ngozi kama yangu. Mgongo ulikuwa umejaa madoa meusi, kila baka limeacha kivuli chake, tena mwili mzima umekuwa mweusi zaidi kwa sababu ya taa. Sokoni waliniambia, “Mbona umechomeka hivyo?” Nilimwambia daktari kwamba dawa haifanyi kazi, imenibadilisha rangi tu. Hakubishana. Aliniambia nifumbe macho, akachukua kidole changu cha shahada, kile kilichojaa alama za sindano, akakipitisha kiunoni mwangu kutoka sehemu nzima hadi kwenye doa. “Niambie doa linaanzia wapi.” Sikuweza. Mimi niliyezoea kutambua pamba na poliesta gizani kwa kugusa tu, sikuweza kupata ukingo. Ngozi ilikuwa laini moja kwa moja. Ugonjwa ulikuwa umekwisha pale; kilichobaki ni rangi, na rangi hufifia kwa miezi. Ningeacha siku ile, ningeacha nikiwa nimepona nusu kwa kudhani sijapona.

Saratani niliiuliza, bila shaka. Daktari alinieleza kwamba ipo tiba nyingine ya tangu miaka ya 1970, ambayo mtu humeza dawa ya kuifanya ngozi iwe nyepesi kwa mwanga kisha akapigwa miale aina A, na hiyo ikitumika mara nyingi imeonekana kuongeza saratani ya ngozi, hasa kwa watu weupe. Kwa ile ya ukanda mwembamba hatari kama hiyo haijajitokeza wazi, lakini vipindi vinahesabiwa maisha yote, ndiyo maana lile daftari si la kupoteza. Jirani yangu mwenye mtoto mwenye ualbino alitaka nimpeleke kwenye taa kwa ajili ya vidonda vya ngozi. Nilimshika mikono nikamwomba asithubutu. Mtoto yule anahitaji kofia, mikono mirefu na daktari. Mwanga ndio unaomuumiza. Wengine wameniuliza kama taa ya saluni ya kukaushia kucha inafaa. Haifai.

Kuhusu pesa, sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Vipindi 27 vilikula shilingi 40,500, nauli 8,100, na siku 27 ambazo kibanda kilifungwa hadi saa 6. Dawa yenyewe ilikuwa nafuu kuliko muda. Nilichojifunza ni kuuliza mapema: niliomba niwe wa kwanza saa 2 asubuhi, nikapewa, wateja nikawaambia wazi kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nafungua mchana, na wengi walizoea. Ilipotokea matanga ya shemeji nikakosa zaidi ya wiki moja, sista alirudisha sekunde nyuma, kwa sababu ngozi husahau upesi. Nilinung’unika moyoni, ila nilikuwa nimeshajua mgongo ulioungua ulivyo. Naamini kwa dhati kwamba taa hizi zinapaswa kuwa kwenye kila hospitali ya kaunti. Mtu wa Budalang’i au Mlima Elgon hawezi kuja Kisumu mara 3 kwa wiki, hata ukimpa tiba bure.

Nilikaa miezi 8 na ngozi safi. Nilivaa mikono mifupi kanisani. Nilishona sare za kwaya nyingine, nyeusi vilevile, nikainama juu yake bila hofu. Mtoto wa tatu alikuja. Kisha viwiko vikaanza tena, cha kulia kwanza, ambacho hukaa juu ya ubao wa cherehani kutwa. Daktari alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba soriasisi hutulizwa, haiondolewi, kwa hiyo sikulia. Nilikata godoro kuukuu, nikashona mto wa pamba laini, nikaufunga ukingoni mwa meza pale kiwiko kinapogusa. Mto umepunguza mabaka ya kiwiko, lakini mgongoni yamejitokeza mengine 3.

Jumatatu hii nimepanda matatu ya saa 12 na nusu asubuhi, mtoto mgongoni, daftari kwenye mkoba. Tulipopita Maseno jua lilikuwa linachomoza mbele yetu. Sista alimpokea mtoto, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe na chini yake “50”.